Kabla ya Kumwaga Zege

Komisyoneri yeyote wa viwanja Bujumbura anajua utakachomuuliza kabla hujafungua mdomo. Hati ipo? Maji ya Regideso yamefika? Nguzo ya umeme iko mbali kiasi gani? Wakati wa mvua gari linafika mpaka mlangoni? Aliyewahi kuumwa na nyoka ataongeza moja: parseli hii haina kesi? Maana migogoro ya ardhi ndiyo inayojaza mahakama za Burundi, na kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili si hadithi ngeni. Maswali yote hayo ni ya haki. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza mahali pale palikuwa na nini kabla ya kuitwa kiwanja.

Swali hilo nalipa uzito kwa sababu ya wakati wake. Eneo likiwa bado zima, mikononi mwa mwenye mradi mmoja, kuupima udongo wake ni kazi inayobebeka, na majibu yanaweza kubadili ramani: hapa nyumba, hapa barabara, pale pasiguswe. Likishakatwa vipande mia na kuuzwa, sumu nayo imeuzwa vipande mia. Kila mtu ana hati yake, msingi wake na deni lake la benki, na hakuna hata mmoja mwenye fedha wala mamlaka ya kusafisha eneo zima. Vipimo vinavyokuja baada ya hapo huleta habari mbaya tu, bila njia ya kutokea.

Bujumbura ni mahali pagumu kwa kazi hii. Sehemu ya chini ya jiji imekaa kwenye tambarare ya Imbo, juu ya mchanga na tope lililoletwa na Rusizi na mito inayoshuka milimani: Ntahangwa, Muha, Kanyosha. Mashapo ya namna hiyo hupitisha maji kwa wepesi penye mchanga na kuyazuia penye mfinyanzi, na tofauti hiyo unaweza kuikuta ndani ya kiwanja kimoja. Maji ya chini ya ardhi hayako mbali. Mwisho wa safari yake ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, ambalo mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo, na maji yake huchukua mamia ya miaka kubadilika. Humo ndimo Regideso inamovuta sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya jiji. Kinachozama ardhini Bujumbura hakipotei; kina pa kwenda, na huko kinakokwenda ndiko tunakoteka.

Sasa weka juu ya tambarare hiyo shughuli za zaidi ya miaka mia moja. Wajerumani waliweka kambi yao Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, Wabelgiji wakaifanya makao makuu ya Ruanda-Urundi, na miaka ya 1950 shirika lao la nyumba, OCAF, likajenga kartiye ambayo leo ni Ngagara. Karibu na hapo kuna eneo la viwanda, na COTEBU, kiwanda cha nguo kilichotia rangi vitambaa kwa miaka mingi kabla ya kufungwa na kurudi kwa jina la Afritextile. Kando ya ziwa kuna bandari. Na kuna Buyenzi, kartiye ya Waswahili, ambako fundi wa magari yuko karibu kila kona, na ambako ufundi huo umelisha familia kizazi baada ya kizazi.

Simtaji fundi wa Buyenzi ili kumlaumu. Namtaja kwa sababu garaji ndogo ni aina ya mahali ambapo ramani za serikali hazipaoni. Oili chafu humwagwa pembeni ya ukuta. Betri iliyokufa hufunguliwa ili kutolewa risasi yake, na asidi yake humiminwa chini. Rangi hupigwa msasa uani. Mtu mmoja akifanya hivyo siku moja, si kitu. Wakifanya watu watano mahali pale pale kwa miaka 20, kisha mwenye kiwanja akafariki, watoto wakauza, na mnunuzi akajenga nyumba ya ghorofa yenye vyumba vya kupangisha, hakuna karatasi itakayomwambia mpangaji wa chini mwanawe anachezea udongo gani. Ongeza petroli yenye risasi, ambayo nchi za kusini mwa Sahara ziliiacha kabisa kufikia mwanzo wa 2006. Risasi haiozi. Iliyotua ardhini mwaka 1985 ipo mpaka leo, isipokuwa kama kuna aliyeichota akaipeleka kwingine.

Lakini kama ningelazimishwa kuchagua sehemu moja ya kufundishia somo hili, ningechagua Buterere, kaskazini mwa jiji, karibu na uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye. Hapo pamekutana kila kitu. Kwa miaka mingi taka za Bujumbura zilimwagwa huko. Mabwawa ya kusafishia maji machafu ya jiji yako huko. Mashamba ya mpunga na bustani za mboga ziko huko. Ardhi ni ya chini, na mvua kubwa ya usiku wa tarehe 9 Februari 2014, iliyoua zaidi ya watu 60 katika kartiye za kaskazini, ilionyesha maji yakichachamaa yanaelekea wapi. Na jiji linakua kuelekea huko huko, kwa sababu rahisi kabisa: ardhi iliyodharauliwa ina bei ndogo.

Jalala la zamani lina matatizo mawili yasiyofanana. La kwanza ni lile watu wanalolifikiria: makopo ya rangi, betri, chupa za dawa, mabaki ya zahanati, vyote vikivuja polepole kwenda chini kila mvua inyeshapo. La pili halionekani. Maganda ya ndizi, majani na mifupa vikifukiwa bila hewa vinaoza na kutoa gesi ya methani, na kazi hiyo huendelea miaka mingi baada ya lori la mwisho kuondoka. Methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ndani ya chumba, cheche ya swichi inatosha. Nchini Uingereza, katika kijiji cha Loscoe, nyumba moja ililipuka na kubomoka tarehe 24 Machi 1986. Haikuwa imejengwa juu ya jalala. Jalala lilikuwa takriban mita 70 kutoka hapo; gesi ilipenya kwenye tabaka za mwamba, ikapanda chini ya sakafu siku ambayo kanieneo ya hewa ilishuka ghafla. Kwa hiyo anayenunua Buterere asiulize tu kama parseli yake ilikuwa jalala. Aulize jalala liliishia wapi.

Kazi yenyewe ya kutathmini huanza bila chombo chochote. Huanza na miguu na masikio. Mtaalamu mzuri kwanza husoma: picha za angani za zamani, ramani za wakati wa Wabelgiji, leseni za biashara za komini, hati za wamiliki waliotangulia. Kisha huenda kuzungumza na watu. Bujumbura hii ni hazina, kwa kuwa karatasi nyingi zimepotea katika misukosuko ya nchi lakini wazee wapo. Mlinzi wa zamani wa kiwanda anajua mapipa yalifukiwa wapi. Mama anayelima mboga kando ya mfereji anajua siku ambazo maji huja yana rangi. Dereva wa lori la kifusi anajua alichokimwaga kwenye viwanja vya bondeni ili kuviinua, na alikitoa wapi. Hilo la kifusi ningependa lisisitizwe: mtu anaweza kununua ardhi safi kabisa, kisha akalipa pesa yake mwenyewe kuletewa uchafu wa mtu mwingine.

Baada ya hapo ndipo jembe na bomba la kuchimbia. Wenye haraka huharibu hatua hii kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchukua sampuli bila kujua historia. Chukua hekta moja, igawe miraba ya mita 25 kwa 25: unapata miraba 16. Chota sampuli moja katikati ya kila mraba na utakuwa na ripoti ya kupendeza, wakati sehemu ambapo betri zilivunjwa, yenye ukubwa wa kitanda, imelala salama kati ya mashimo mawili. Njia ya pili ni kuchanganya udongo wa mashimo mengi katika ndoo moja ili kulipia kipimo kimoja. Tuseme mashimo tisa yana miligramu 40 za risasi kwa kila kilo ya udongo, na la kumi lina 1,200. Mchanganyiko utasoma 156. Marekani mwaka 2024 ilishusha kiwango chake cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka 400 hadi 200. Kwa hesabu ya ndoo moja, kiwanja hicho kimefaulu, na mtoto atakayecheza kwenye shimo la kumi amefeli. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama.

Kuna pia suala la msimu. Ukipima Bujumbura mwezi Agosti, katikati ya kiangazi, maji ya chini yameshuka na uchafu ulio juu yake umekauka mahali pake. Rudi Aprili. Maji yamepanda, yameulowesha uchafu ule ule, na sasa unatembea. Ziwa nalo si la kutegemewa kukaa lilipo. Lilifika juu sana mwaka 1964 baada ya mvua kubwa za mwanzo wa muongo ule, kisha likashuka, watu wakasahau, wakajenga. Kuanzia 2020 likapanda tena mpaka kukaribia kimo hicho, na mwaka huo huo Rusizi ikavunja kingo zake na kuwafukuza maelfu ya watu Gatumba. Kajaga na Kibenga maji yaliingia majumbani. Kila choo cha shimo, kila tangi la mafuta ya jenereta na kila karo iliyozama ikawa sehemu ya ziwa. Kipindupindu kilipotangazwa tarehe 1 Januari 2023, hakikuwa kigeni katika jiji hili. Kanuni ya Maji ya Burundi ya 2012 ilikuwa imeshatenga ukanda wa mita 150 kutoka ufukweni usiojengwa. Nyumba zilizomo ndani ya ukanda huo kila mpita njia anaziona.

Sheria basi zipo. Kanuni ya Mazingira ni ya mwaka 2000 na iliandikwa upya 2021. Amri ya Oktoba 2010 inaeleza jinsi tathmini ya athari kwa mazingira inavyofanywa. Ofisi ya kulinda mazingira, OBPE, ipo, na OBUHA inashughulikia makazi na ujenzi. Shida ninayoiona iko kwenye swali linaloulizwa. Tathmini ya athari huuliza mradi utaufanyia nini mto, msitu, hewa na majirani. Ni nadra kuuliza ardhi itawafanyia nini watakaohamia. Kwa kiwanda, swali la kwanza linatosha. Kwa nyumba za watu, la pili ndilo kubwa.

Pale udongo unapopimwa kweli, hupimwa kwa jambo lingine. Mjenzi makini hupeleka sampuli kwenye maabara ya taifa ya ujenzi, LNBTP, kujua kama ardhi itabeba ghorofa. Mkulima naye hutafuta wataalamu wa ISABU kujua rutuba. Udongo unaweza kuwa imara kubeba ghorofa nne, ukawa na rutuba ya kuotesha lengalenga mpaka kiunoni, na bado ukawa na kadimiamu ambayo lengalenga hiyo hiyo inaipandisha kwenye majani yake. Nimeona watu wasomi wakionyesha cheti cha uimara kana kwamba ni cheti cha usalama. Havihusiani.

Waholanzi walijifunza hili kwa gharama. Lekkerkerk ni mji mdogo kwenye ardhi ya chini, yenye maji, iliyojaa mitaro. Kwa sura ya ardhi tu, mtu wa Imbo asingejiona mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mitaro ilijazwa vifusi na taka, na juu yake zikajengwa nyumba takriban 270. Chini ya kifusi yalikuwamo mapipa zaidi ya 1,600 ya mabaki ya rangi na viyeyusho. Hakuna daktari wala mkaguzi aliyegundua. Waliogundua ni mafundi bomba: viyeyusho vilikuwa vinalainisha mabomba ya plastiki ya maji ya kunywa, na bomba likapasuka. Mwaka 1980 wakazi walihamishwa, udongo ukachimbwa na kuondolewa, na miaka mitatu baadaye nchi ikaanza kutumia sheria ya kusafisha udongo. Ninaikumbuka hadithi hiyo kila ninapoona bomba jeusi la plastiki likilazwa kwenye mtaro wa kiwanja kilichojazwa kifusi.

Wamarekani wana Love Canal, mashuhuri zaidi, na inayoudhi zaidi kwa kuwa karatasi ilikuwapo. Kampuni ya kemikali ya Hooker ilifukia huko Niagara Falls takriban tani 21,000 za mabaki, kisha 1953 ikaiuzia bodi ya shule eneo hilo kwa dola moja, hati ikitaja kemikali hizo. Shule ikajengwa. Nyumba zikafuata. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura.

Tusidhani haya ni ya wenye viwanda vikubwa. Kibaha, mkoa wa Pwani nchini Tanzania, shamba la serikali la Vikuge lilipokea mwaka 1986 tani 170 za viuatilifu, msaada kutoka Ugiriki, sehemu yake ikiwa imeshapitwa na wakati. Ziliwekwa kwenye banda la wazi. Banda likaanguka. Watafiti waliopima udongo wa pale miaka mingi baadaye waliikuta DDT kwa viwango vya kutisha, na mabaki yake katika maji na mimea ya jirani. Hapakuwa na bomba la moshi wala ukuta wa kiwanda. Palikuwa na banda tu, na msaada. Banda la namna hiyo likishang'olewa, nyasi huota, na baada ya miaka kumi ni uwanja mzuri wa kupima viwanja.

Mombasa ilikuwa kinyume chake: nyumba zilitangulia, kiwanda kikafuata. Owino Uhuru ni mtaa wa watu kama 3,000, na kando yake kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri za magari. Phyllis Omido aliajiriwa hapo, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kusimamia tathmini ya mazingira. Angalia mpangilio huo: kiwanda kinafanya kazi, ndipo tathmini inaagizwa. Ilipopendekeza kiwanda kihamishwe, alihamishwa yeye, kwenye kazi nyingine. Mwanawe alikutwa na risasi katika damu. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Fedha hizo, hata zikilipwa zote, haziondoi risasi kwenye mifupa ya mtoto.

Uchafu ukigunduliwa mapema si lazima mradi ufe. Wakati mwingine inatosha kubadili matumizi: mahali pa shimo la kumi pawe maegesho ya lami, nyumba zisogee. Wakati mwingine udongo wa juu hufunikwa kwa tabaka nene la udongo safi wenye kitambaa cha kutenganisha chini yake. Wakati mwingine ni lazima kuchimba na kuondoa, na hapo ndipo mwenye mradi aulizwe kwa ukali: unaupeleka wapi? Kama jibu ni bonde la Ntahangwa usiku, basi hajasafisha. Ameupa kartiye nyingine.

Kwa wewe uliyekwisha kununua na huna uwezo wa kulipa maabara, yapo ya kufanya. Ongea na wazee wawili au watatu wasiofaidika na mauzo. Chimba shimo la kimo cha mtu kwenye pembe mbili za kiwanja kabla ya msingi, utazame kuta zake: glasi, plastiki, majivu, tabaka jeusi linalonuka mafuta ni ishara ya kusimama. Usichimbe kisima cha kunywa kwenye kiwanja kilichojazwa. Mboga za majani zioteshe kwenye vitalu vya udongo ulioletwa kutoka mahali unapopajua. Kama palikuwa garaji, sakafia ua au ufunike kwa udongo safi, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Kwa wakubwa wa jiji, OBUHA na OBPE, ombi langu ni moja na halihitaji mfadhili: daftari la wazi linaloandika kila jalala la zamani, kituo cha mafuta kilichofungwa, garaji kubwa, ghala la viuatilifu na kiwanda kilichokufa, lenye mipaka na miaka, na lisomwe kabla ya kibali chochote cha kukata parseli. Daftari hilo lianze na Buterere, na lianze kabla wapima viwanja hawajasonga zaidi huko na vigingi vyao.